Gurudumu Lizungukalo Bure

Katika chumba cha juu cha nyumba moja mjini Portsmouth, kusini mwa Uingereza, mzee mmoja wa Unguja aliyepindukia miaka 80 alisimama usiku mmoja wa mwezi wa Machi akikitazama kichwa cha garimoshi kikizungusha magurudumu yake bila ya kwenda. Kichwa chenyewe kina urefu wa shibiri moja na ushei, kwani ni mfano tu, uliopunguzwa mara 76 kutoka kile cha kweli. Nyuma yake yalifungwa mabehewa manane ya kijani. Fimbo za magurudumu zilikwenda na kurudi, mota ilivuma kama nyuki aliyefungiwa koponi, na garimoshi zima lilibaki palepale kwenye mpando, karibu na dirisha.

Mjukuu wake wa miaka 10 aliyaona mambo hayo mchana wa siku hiyo. "Babu, limezeeka," alisema, na hapana shaka hakukusudia ubaya wowote. Mama yake, aliyekuwa akipanda ngazi na chai, aliongeza, "Baba, si ununue jingine tu? Siku hizi unaletewa mpaka mlangoni." Mzee hakujibu. Aliyaondoa mabehewa moja moja mpaka yalipobaki manne, na kwa manne kichwa kilipanda. Akamwahidi mjukuu kwamba atakaporudi kwa likizo ya Pasaka atayakuta yote manane yakipanda.

Kununua jingine halikuwa jambo lililompitikia. Mzee huyu alizaliwa katika kisiwa ambacho reli yake, ile ya kutoka mjini mpaka Bububu iliyofunguliwa mwaka 1905, ilikwisha kung'olewa kabla yeye hajaja duniani. Alichokijua utotoni ni meli. Alizijua meli za British India kwa dohani zake nyeusi zenye mistari miwili myeupe, akizihesabu kutoka Forodhani kama watoto wa mahali pengine wanavyohesabu magari. Mwaka 1962 alifika London, na kazi ya kwanza aliyoipata ilikuwa ya kusafisha vichwa vya garimoshi katika karakana ya Nine Elms. Alfajiri moja alipewa tambara na mafuta ya taa, akaambiwa aanze na kile kilichosimama mwisho. Alipofuta masizi ubavuni lilimtokea bamba la jina, na katikati ya bamba bendera ya kampuni ya meli. Kichwa kile kiliitwa British India Line.

Haikuwa ajabu kwa waliozoea. Aina ile ya vichwa, iliyobuniwa na mhandisi Oliver Bulleid na kuanza kutoka kiwandani mwaka 1941, ilipewa majina ya makampuni ya meli za biashara. Lakini kwa kijana aliyekuwa hana miezi miwili tangu aiache bandari ya Unguja, lilikuwa ni kama kuitwa kwa jina na mtu wa nyumbani katikati ya umati wa wageni. Kichwa kile kilitolewa kazini mwaka 1964, kikalala miaka mingi katika jaa la vyuma la Barry, huko Wales, kisha kikafufuliwa na watu wenye mapenzi nacho, kikarudi relini mwaka 2017. Mzee naye alihamia Portsmouth, akawa mlinzi wa treni, akaoa, akazaa, akastaafu mwaka 2003. Pesa za kwanza za kiinua mgongo alizozitumia kwa jambo lisilokuwa la lazima zilikwenda katika mfano wa kichwa kile. Mkewe alicheka sana. Baadaye alizoea, na mara nyingi alikaa katika chumba hicho cha juu, kwenye kiti cha mikono kilichoko pembeni mwa dirisha, akichana nywele zake huku treni ikimpita miguuni.

Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye reli anajua kwamba kichwa kisichoweza kuvuta kina maradhi ya namna mbili, na tabibu anayeyachanganya humuua mgonjwa. Inatosha kuyatazama magurudumu. Yakisimama, nguvu ndiyo iliyopungua: mota imechoka, au grisi imeganda ndani ya gia, au umeme haufiki. Yakizunguka bila ya kwenda, nguvu ipo tele na kilichokosekana ni mshiko. Kuongeza umeme katika hali hiyo ya pili ni sawa na kumpigia kelele mtu aliyeteleza matopeni. Na kwa kuwa magurudumu ya kichwa cha mzee yalizunguka, na tena kwa kasi, alijua tangu usiku ule wa kwanza kwamba mota haina makosa.

Jambo hili la mshiko liliwasumbua watu tangu mwanzo wa reli. Zamani wengi hawakuamini kwamba gurudumu laini la chuma linaweza kuvuta mzigo juu ya reli laini ya chuma. Mwaka 1812 huko Middleton, karibu na Leeds, magarimoshi ya John Blenkinsop yalianza kazi yakiwa na gurudumu la meno lililokamata meno yaliyochongwa kando ya reli, kwa khofu hiyo hiyo ya kuteleza. Katika miaka hiyo hiyo William Hedley, msimamizi wa machimbo ya makaa ya Wylam, alitengeneza gari, akalipakia vyuma vya uzito, akaweka watu wa kuzungusha magurudumu kwa mikono, kisha akapima ni mabehewa mangapi linaweza kuvuta kabla ya magurudumu kuteleza. Alibaini kwamba meno hayahitajiki. Uzito wenyewe, ukikalia magurudumu yanayovuta, unatosha. Garimoshi lililotokana na jaribio lile, Puffing Billy, lipo mpaka leo katika Jumba la Sayansi mjini London, na umbo lake la kinyenyere halimwambii mtazamaji kwamba ndani yake limo jibu la suala lililowakosesha watu usingizi.

Mzee alilifanya jaribio la Hedley juu ya meza. Alifunga uzi nyuma ya kichwa, akaupitisha juu ya kapi dogo ukingoni mwa meza, na mwishoni mwa uzi akaning'iniza kifuko cha kitambaa. Ndani ya kifuko alitia sarafu za peni moja. Kila peni ya Uingereza ina uzito wa gramu 3.56, kwa hivyo mwenye peni hahitaji vipimo vya duka. Kichwa kiliinua peni 9, na kwa ya 10 magurudumu yakaanza kuzunguka bure. Peni 9 ni gramu 32.

Kisha alichukua mizani ya jikoni. (Neno hili humchekesha kila mara mtu aliyelelewa na mashairi, na mzee huyu alilelewa nayo.) Kichwa kizima kilikuwa na gramu 300. Alipoyaweka juu ya mizani yale magurudumu sita makubwa peke yake, na mengine yakikalia vibao vilivyolingana nayo kwa urefu, mizani ilisoma 200. Gramu 100 zilibebwa na magurudumu madogo ya mbele na ya nyuma, ambayo kazi yake ni kuongoza njia tu, wala hayavuti chochote. Theluthi moja ya uzito ilikuwa abiria.

Hapo alikumbuka Nine Elms. Vichwa vya Bulleid vilikuwa na nguvu za kupindukia, na vilipokwisha kushika mwendo vilivuta mzigo wowote, lakini wakati wa kuondoka stesheni viliteleza mpaka abiria walitoa vichwa madirishani. Navyo pia vilibeba theluthi mbili tu ya uzito wake, au karibu ya hapo, juu ya magurudumu ya kuvutia. Fauka ya hayo, vile vya muundo wa awali vilikuwa na minyororo ya kuendeshea vali iliyofungiwa ndani ya sanduku la mafuta, na sanduku lilivuja, na mafuta yalifika palepale pasipotakiwa. Madereva hawakuongeza moto. Waliupunguza mvuke, wakamwaga mchanga chini ya gurudumu, wakasubiri.

Inafaa kukiri kwamba pamoja na ujuzi wote huo, mzee alianza kwa kukosea. Aliona ekseli kavu, akazitia mafuta, na kwa kuwa mikono yake siku hizi hutetemeka, tone lililokusudiwa kuwa la ncha ya sindano lilikuwa la ncha ya kidole. Mafuta yalitambaa usiku kucha. Asubuhi kichwa kiliinua peni 6. Kwa ghadhabu alifungua tumbo la kichwa na kulijaza chubwi za risasi alizokuwa akivulia samaki baharini Southsea, gramu 80 nzima. Magurudumu yaliacha kuteleza kweli, lakini mabehewa manane yalipofungwa na garimoshi kufika mpandoni, magurudumu yalisimama, mota ikanguruma, na baada ya nukta chache ikatoka harufu ya rangi inayoungua. Aliukata umeme kwa haraka. Kule kuteleza, ambako watu hukuona kuwa ni aibu ya garimoshi, ndiko kunakoiokoa mota. Mota inayozunguka hula umeme kwa kiasi, ilhali iliyolazimishwa kusimama hula mpaka ijiunguze. Alizitoa chubwi zote.

Baada ya hapo alikwenda taratibu. Aliyafuta magurudumu kwa kitambaa kilicholowa spiriti, akikilaza kitambaa juu ya reli na kuuachia upande mmoja wa kichwa uzunguke juu yake, kisha upande wa pili. Uchafu uliotoka ulikuwa mweusi kama wino. Alifuta reli pia, mzunguko mzima, kwa siku mbili, kwani mgongo haukumruhusu zaidi. Akakigeuza kichwa chali na kuzitazama springi. Ile iliyoyakandamiza magurudumu madogo ya mbele ilikuwa ngumu mno, ikiyasukuma chini kwa nguvu na kwa kufanya hivyo kuyainua makubwa. Alikata pindi mbili. Juu ya mizani magurudumu sita sasa yalibeba gramu 250, bila ya kuongezwa hata chembe. Alichungulia pia fimbo za pembeni, kwani gurudumu lililosogea kidogo kwenye ekseli yake humfanya mwenzake amvutie kinyume, na garimoshi likaenda chopi kama mshororo uliopungukiwa na mizani moja. Hizo zilikuwa salama.

Wapo wanaotumia njia za mkato, na haifai kuwalaumu. Wengine huvisha gurudumu pete ya mpira, nayo hushika vizuri sana. Ila gurudumu lililovaa mpira halipitishi tena umeme kutoka relini, na mpira hubeba uchafu, na siku moja hukatika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tri-ang ya Uingereza ilitia sumaku chini ya vichwa vyake ili vivutwe kwenye reli za chuma, lakini reli nyingi za siku hizi ni za mchanganyiko wa nikeli, na sumaku haina habari nazo. Mzee alizikataa njia zote mbili kwa sababu moja isiyokuwa ya kihandisi: kile cha Nine Elms hakikuwa na mpira wala sumaku.

Kifuko kikapanda hadi peni 14. Gramu 50, yaani moja ya tano ya uzito uliokalia magurudumu ya kuvutia, na chuma juu ya reli safi kisitarajiwe kutoa zaidi sana ya hapo. Kwa furaha alifunga mabehewa manane. Kichwa kilifika nusu ya mpando, kikazunguka bure.

Basi kosa halikuwa la mvutaji peke yake. Watu husahau kuyauliza mabehewa. Mzee aliegemeza ubao wa mita moja juu ya vitabu na kuliweka kila behewa juu yake, akiuinua ubao mpaka behewa literemke lenyewe. Saba yaliteremka ubao ulipoinuka sentimita 2.5. La tano katika safu, behewa la chakula, liligoma mpaka ubao ulipofika sentimita 8. Behewa moja lilikuwa zito wa kuvutwa kama mengine matatu.

Alilipindua chini ya taa na miwani miwili. Nyuzi za zulia hujizonga katika ekseli za treni zinazopita karibu na sakafu, hilo linajulikana kwa kila mwenye mchezo huu, na aliyemo katika mchezo huu huwa na kibano tayari. Alivuta uzi wa kijivu, kisha mwingine. Kilichokuja baadaye hakikuwa uzi. Ulikuwa unywele mrefu, mweupe shinani na mwekundu wa hina kuelekea nchani, uliojizonga mara nyingi mno, ukabana ekseli kwenye kitako chake. Mkewe alifariki miaka minne iliyopita. Mzee aliuzongoa polepole, mkono wa kulia ukiushika wa kushoto usitetemeke, na haukukatika. Kazi ya usiku ule iliishia hapo. Taa ya chumba ilizimwa saa tatu, na binti yake alipopiga simu kama desturi, aliambiwa kwamba treni bado.

Kesho yake behewa la chakula liliteremka kwa sentimita 2.5 kama wenzake. Mzee akachukua penseli. Behewa lenye gramu 120, kwenye njia tambarare, hukataa kwa nguvu ya kiasi cha gramu 3. Mpando wake uliinuka sentimita 7.5 kwa mita 3, na hilo liliongeza gramu 3 nyingine kwa kila behewa. Aidha kichwa chenyewe kilijibebesha gramu 7 na nusu za kujipandisha. Kwa mabehewa saba jumla ilikuwa chini kidogo ya 50. Kwa manane ilikuwa 55 na ushei. Kile kichwa, kikiwa kisafi na kizima, kilikuwa cha mabehewa saba. Labda kilipokuwa kipya na magurudumu yake hayajalika kiliweza manane, na yeye anaamini hivyo, lakini hesabu haina nafasi ya kuandikia imani.

Palibaki kitu kimoja cha kubadilishwa, nacho ni mlima. Mpando huo huo wa sentimita 7.5 ukinyooshwa kwa mita 4 badala ya 3, mabehewa manane yatahitaji gramu 48 hivi. Mita moja tu. Lakini mita hiyo ilikuwa pembeni mwa dirisha, na pembeni mwa dirisha palikuwa na kiti.

Wiki mbili zilipita. Alifuta reli zilizokuwa safi. Alipima tena alichokwisha kukipima. Alijaribu kuwazia njia ya kuupitisha mpando upande wa pili wa chumba, juu ya mlango, akachora na kufuta. Yeyote anayedhani kwamba hesabu ya gramu mbili ni jambo jepesi hajapata kuifanya mahali penye kiti cha namna hiyo.

Mjukuu alifika siku ya pili ya likizo, akapanda ngazi mbili mbili. Alikuta mabehewa saba kwenye reli na la nane kando, rafuni. Mzee alimweleza yote, kapi, peni, mizani na mpando, kama anavyoelezwa mtu mzima, na mtoto alisikiliza kama mtu mzima. Alipomaliza, mtoto alitazama pembeni.

"Babu, hiki kiti tukiweke wapi?"

Mzee alifikiri kwa muda. "Chini," alisema. "Jikoni, karibu na meza. Pana jua asubuhi."

Walikiteremsha wawili, ngazi kwa ngazi, mtoto akitangulia kinyumenyume na mzee akimwonya kila hatua. Binti alisogeza meza bila ya kuuliza. Waliporudi juu, zulia la pembeni lilikuwa na alama nne za miguu ya kiti, na rangi yake ya asili, nyekundu, ambayo hakuna aliyekuwa akiikumbuka. Kukata vibao na kuviinua kulichukua siku nzima na nusu ya siku ya pili. Reli ilipokwisha kuunganishwa, mzee alimpa mtoto kidhibiti cha umeme na kumwambia azungushe kidogo kidogo, wala asikubali kuzidisha hata kama moyo utamwambia.

British India Line iliuanza mpando kwa mwendo wa mtu aendaye msikitini mapema. Mtoto alihesabu mabehewa kwa sauti yalipokuwa yakiingia mpandoni. Kwenye la tano magurudumu yaliteleza mara moja, yakashika. Kwenye la saba sauti ya mota ilibadilika, ikawa nzito. "Nane," alisema mtoto, na hakuongeza umeme.

Jikoni, binti alikuwa amekwisha kukikalia kile kiti, na kupitia darini alisikia magurudumu yakipita juu ya kichwa chake, yakienda mbali, kisha yakirudi.